Mkeka wa Mayaya

Mmeniomba niwaandikie jinsi kazi ilivyokuwa, nyinyi vijana mliolichukua darasa langu la nje, na mkaniomba kwa adabu nisiandike mengi. Hilo la pili nimewasamehe. Sitaandika vyeo, kwa sababu mwalimu wa watoto wanaosomeshwa nyumbani hana mtu wa kumpandisha cheo, na mshahara hautawafunza kitu. Nitaandika siku ya kwanza, vyombo, aliyenifundisha, na jambo moja ambalo kila nikilikumbuka damu hunichemka. Kama mlitaka habari za ndege, vitabu vya ndege viko.

Nilifundisha biolojia katika skuli ya wasichana hapa Maskati kwa miaka mingi, nikaacha katikati ya miaka ya tisini. Nilichoka kumchora chura ubaoni wakati chura mwenyewe yuko wadini, kwenye bonde la mto, mwendo wa robo saa kwa gari. Na watoto waliokuwa wakisoma nyumbani siku zile walikuwa wengi kuliko watu wanavyodhani. Kulikuwa na watoto wa wageni, ambao mikataba ya wazazi wao iliwahamisha kabla hawajazoea mtaa. Kulikuwa na watoto wa jamaa zetu waliorudi kutoka Tabora, Bukoba na Bujumbura. Hawa walijua Kiswahili na Kiingereza, lakini Kiarabu cha darasani kiliwashinda, na mama zao wakaona ni heri wawasomeshe sebuleni kuliko kuwaona wamekalishwa na watoto wa nusu ya umri wao. Na kulikuwa na wale ambao skuli hazikuwataka, ingawa hakuna mwalimu mkuu aliyelitamka hilo kwa mdomo wake.

Siku ya kwanza niliwapeleka watoto saba ufukweni Azaiba. Nilikuwa nimeandaa somo la kurasa nne juu ya kaa wa mchangani. Kaa walituona tunakuja, wakaingia mashimoni mwao, na hawakutoka mpaka tulipoondoka. Mtoto mmoja alikula mchanga kwa makusudi. Wawili waliungua na jua mpaka mama zao wakanipigia simu. Nilirudi nyumbani na kurasa zangu nne, nikazitia kwenye droo, na nadhani zimo mpaka leo.

Aliyenifundisha kazi ni Bi Thuwaiba, mwanamke aliyesomesha kilimo Kigoma ujana wake wote kabla hajarudi huku kwa wazee wake. Alikuwa mkali, na alivaa raba za kiume. Alikuja nami mara ya pili, akanitazama nikizungumza juu ya mawimbi, kisha akaniambia nimeshamsahau mtoto mmoja kwenye kiti cha nyuma cha gari. Kweli alikuwapo, amelala. Kuanzia siku ile nilihesabu watoto kila robo saa kwa kuwagusa vichwa, kwa sababu Bi Thuwaiba alisema macho huhesabu yanachotaka na mkono hauna uwongo. Alinifundisha pia kutosema kitu kwa dakika tano za kwanza kila tunapofika mahali. Watoto watanyamaza wenyewe, alisema, na viumbe vitatoka vyenyewe, na kama huwezi kunyamaza dakika tano basi karudi kwenye ubao wako.

Vyombo vyangu vilikuwa vya jikoni. Chujio la chai la kuvulia viluwiluwi, mabakuli meupe ya plastiki ili kitu kionekane, madaftari niliyoyafunga kwa nailoni, na firimbi shingoni. Chombo nilichojivunia kilitoka mtaa wa Ghala, kwenye gereji moja ambako fundi alinikatia kitako cha ndoo ya bati na mahali pake akagandisha kioo. Ukiikalisha ndoo ile juu ya maji unaona chini kama unaangalia dirishani. Fundi aliniuliza navua samaki gani. Nilipomwambia sivui, nawaonyesha watoto tu, alinihurumia waziwazi.

Sasa niwaambie habari ya mkeka.

Mama za watoto wangu hawakuja darasani. Walimtuma mtoto na yaya, na mayaya wengi walikuwa wanawake kutoka Tanzania Bara, wengine Waislamu, wengine Wakristo. Wale wanawake walikuwa wakiniharibia somo kwa mapenzi. Mtoto akitaka kuokota kombe, yaya ameshainama. Mtoto akiogopa kukanyaga maji, yaya ameshambeba. Nilikuta daftari lenye mchoro mzuri sana wa panzi, miguu yote sita mahali pake, na mwenye daftari ana miaka mitano. Nilipouliza, yaya mmoja akajibu kwa aibu kwamba mtoto alichoka. Basi nikaweka sheria. Nilinunua mkeka mkubwa wa plastiki, nikautandika chini ya mkunazi, nikasema mayaya wote wakae hapo na vikapu vya chakula mpaka nipige firimbi ya kumaliza. Asiyekaa mkekani, yeye na mtoto wake wasirudi wiki ijayo.

Sheria ilifanya kazi. Watoto walianza kuanguka wenyewe na kuinuka wenyewe. Nilisifiwa. Na mtu akisifiwa kwa sheria yake hufika mahali anaipenda sheria kuliko watu, na mimi nilifika.

Nawal aliletwa kwangu akiwa na miaka minane. Baba yake alikuwa mtu wa serikalini, mama yake ni Bi Zuwena, mzaliwa wa Tabora, na nyumba yao ilikuwa Al Khoudh, karibu kabisa na wadi tuliyokuwa tukienda Jumatatu. Nilimpa Bi Zuwena karatasi niliyowapa wazazi wote, yenye swali kama mtoto ana maradhi yoyote. Aliandika hana, alhamdulillah. Nilimuuliza kwa nini mtoto mchangamfu kama yule hasomi skuli. Akasema Kiarabu. Baadaye nilimsikia Nawal akigombana na muuza maji kwa Kiarabu ambacho mimi mwenyewe sina, na sikujiuliza kitu. Hilo nalo ni langu.

Yaya wake alikuwa Felista, mwanamke wa Same, wa makamo, mwenye watoto wake watatu waliokuwa wakilelewa na bibi yao. Alikuwa amekaa na Nawal tangu mtoto hajaota meno. Hakuwa mzungumzaji. Pale mkekani wenzake walipiga soga na kusukana nywele, yeye alikaa ukingoni, ameelekea kwenye maji, viatu miguuni. Mara mbili tatu nilimkuta amesimama, nikamwonyesha mkeka kwa kidole, akakaa. Nilimwita Felista hivihivi kama naita mtoto, ingawa hatukuzidiana sana umri.

Jumatatu hiyo maji ya wadi yalikuwa yameshuka, yamebaki madimbwi kati ya kokoto, ya kina cha goti. Kulikuwa na viluwiluwi vilivyoota miguu ya nyuma, na kereng'ende wekundu, na nilikuwa nimefurahi kuliko watoto. Nawal alikuwa kwenye dimbwi la mbali, ameshika ndoo yangu ya kioo. Felista akasimama. Nikamwonyesha mkeka. Akakaa. Baada ya muda mfupi akasimama tena, na safari hii akaja mpaka nilipo, kichwa chini.

"Mwalimu, naomba leo nikae naye karibu."

Nikamuuliza kwa nini. Alimtazama mtoto, akanitazama mimi, akafungua mdomo. Kisha akasema, "Hamna kitu, mwalimu. Naomba tu."

Nikapiga firimbi ili watoto wote wasikie, nikamwambia darasa ni langu na mkeka ni ule, na kama sheria hii imemshinda nitazungumza na Bi Zuwena. Alirudi. Niliona anakaa na kuvua mtandio wake na kuushika mkononi, nikadhani amekasirika. Nikafurahi kwamba nimeshinda. Naliandika hili kwa sababu ndilo linaloniuma zaidi, ile furaha.

Nilikuwa nagusa vichwa, nimefika cha tano, niliposikia ndoo inagonga jiwe. Nawal alikuwa ameanguka kifudifudi dimbwini na mwili unamrukaruka. Nilisimama. Mwalimu wa biolojia, cheti ukutani, nilisimama kama nguzo. Felista ndiye aliyepita mbele yangu mbio na viatu vyake, akaingia majini, akamwinua kichwa, akamtoa juu ya kokoto na kumlaza ubavu, mtandio umekunjwa chini ya kichwa. Yaya mwengine alikuja na kijiko amtie mtoto kati ya meno, Felista akausukuma mkono wake. Mimi nilitaka kuishika miguu itulie, akaniambia niiache. Alimfungua shingo ya kanzu, akawa anamwita jina lake polepole, na mdomoni mwa mtoto damu inatoka kwa sababu jino la mbele lilikuwa limevunjika juu ya mwamba na kidevu kimepasuka. Mpaka Nawal alipofumbua macho, hakuna aliyehitaji kuniambia kitu. Yule mwanamke alikuwa amefanya kazi ile mara nyingi.

Mtoto alishonwa kidevu, akalala hospitali usiku mmoja, akarudi nyumbani. Jioni ya pili nilikwenda kumtazama. Bi Zuwena alinishika mkono mlangoni kabla sijavua viatu, akanipeleka pembeni.

"Mwalimu, huyu mtoto wa kike," alisema. "Kesho na keshokutwa watu watakuja kuposa. Neno la kifafa likitoka nje ya nyumba hii nshamuharibia mwanangu. Sema kateleza. Na kuteleza si kweli kateleza?"

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia japo mimi. Akasema daktari alishawapa dawa, na dawa zilikuwa zinasaidia, na Felista alikuwa anajua la kufanya. Felista alikula kiapo hatamwambia mtu. Basi hapo ndipo nilipoelewa ule mdomo uliofunguka na kufungwa pale wadini. Mwanamke alikuwa amefungwa huku na kiapo cha tajiri wake na huku na mkeka wangu, na katikati yupo mtoto.

Nilikasirika. Nilikuwa na hasira ya kutosha kuibomoa ile nyumba. Lakini niliingia sebuleni nikakaa, nikaletewa kahawa na halua, na baba wa mtoto, mtu mpole, aliyekuwa hakulala, akaniuliza swali moja.

"Yaya alikuwa wapi?"

"Mkekani," nikasema.

"Na mtoto yuko majini?"

"Ndiyo."

Nikanyamaza. Felista alikuwa amesimama mlangoni na sinia la vikombe, anasikia Kiswahili chetu chote. Hakuna uwongo hata mmoja niliousema pale, ndiyo maana nikaweza kuyasema maneno yale. Sikusema nani aliyemweka mkekani. Sikusema aliniomba. Darasa langu halikuwa na karatasi ya ruhusa ya mtu yeyote, lilikuwa linaishi kwa sifa njema tu, na kama ingejulikana kwamba mwalimu alimzuia yaya kwa firimbi, kina mama wote wa Azaiba na Al Khoudh wangewatoa watoto wao wiki ile ile. Nilijiambia Bi Zuwena anajua ukweli, atamtetea mtu wake. Bi Zuwena naye, bila shaka, alijiambia mwalimu atamtetea.

Alhamisi Felista akapandishwa ndege. Nilisikia kwa mayaya wenzake Jumatatu, mkekani. Walinieleza kwa heshima, macho hawayainui, na kwa namna walivyonieleza nikajua wanajua kila kitu.

Nawal hakurudi darasani, na mimi sikwenda kuuliza. Baada ya mwezi nilikunja ule mkeka nikaugawa. Nikatangaza kwamba tangu sasa mayaya watafuatana na watoto majini, na kila yaya nitakaa naye faragha kabla ya mtoto kuanza, nimuulize anayoyajua juu ya mtoto huyo, na hatatajwa jina. Nikawafundisha kuacha mikono nyuma, mtoto ajiokotee. Ilichukua wiki mbili. Wiki mbili tu, na mimi nilikuwa nimewakalisha juani na kivulini miaka mitano kwa kuwa sikutaka kuhangaika kuwafundisha. Na hapo nikasifiwa tena. Mama mmoja aliniambia hakuna mwalimu Maskati anayewathamini wafanyakazi wa ndani kama mimi. Nilimshukuru. Huko ndiko ilikotoka hiyo desturi mnayoiita "mazungumzo ya yaya" na mnayoionyesha kwa wageni. Nimewasikia mkisema mwalimu Asya aliibuni kwa busara. Acheni kusema hivyo. Imetoka kwenye kidevu cha mtoto na riziki ya mtu.

Miaka ikaenda. Kimbunga kikubwa kikaja, wadi ikabadilika sura, dimbwi lile likafukiwa na mawe na mkunazi ukang'oka. Nilifundisha juu ya mawe hayohayo. Kisha katika miaka yangu ya mwisho akaja yaya mpya kutoka Same, na katika mazungumzo yale ya faragha akataja kwamba jirani yao aliwahi kufanya kazi hapa, anaitwa Felista. Nikamuomba nambari. Nilikaa nayo wiki mbili kwenye pochi.

Felista alinitambua kwa sauti kabla sijataja jina. Aliniuliza hali, akaniuliza kazi, akaniambia anafuga kuku na mwanawe wa kwanza ni fundi umeme. Nilianza kuomba radhi kwa maneno mengi niliyokuwa nimeyapanga. Alinisikiliza mpaka mwisho, na gharama ya simu ni yangu, hakuwa na haraka.

"Mwalimu, mimi nilikaa kwa sababu ulinikataza kusimama," akasema. "Wewe nani alikukataza kusema?"

Hakungoja jibu. Aliuliza kama Nawal bado anaanguka. Nikasema sijui. Akauliza nani anakaa naye. Nikasema sijui. Hapo ndipo sauti yake ilipobadilika. Aliniambia walimtoa nyumbani haraka hata hakukutana na yaya aliyekuja baada yake, kwa hiyo hakuna aliyeambiwa dalili. Mtoto yule, kabla ya kuanguka, huvuta sikio la kushoto, na anaweza kulivuta muda mrefu kama anayejikuna, kisha anatulia ghafla, na hapo una muda wa kumkalisha chini tu. Mama yake hakuijua dalili hiyo kwa sababu mama yake hakuwa anakaa naye mchana. Ndiyo sababu yeye Felista aliinuka siku ile mara mbili. Miaka yote hii, alisema, huwa anajiuliza kama kuna mtu amegundua.

Nilipoweka simu chini sikulia. Nilichukua ufunguo wa gari.

Bi Zuwena alinipokea kwa bashasha, kahawa ikaja, mumewe akatoka chumbani amezeeka. Nawal alikuwa na miaka kumi na saba, kovu jembamba kidevuni, na kando yake msichana mgeni kutoka nchi nyengine aliyeajiriwa kumfuata kila mahali asijue anamfuatia nini. Nikawaambia yote mbele ya Nawal. Kwamba Felista alisimama, kwamba nilimrudisha, kwamba aliniomba na nikampigia firimbi, kwamba nilikaa kwenye kiti hikihiki nikanyamaza.

Baba aliweka kikombe chini. "Sisi tulimrudisha kwa neno lako, mwalimu," akasema.

"Neno langu lilikuwa nusu," nikamwambia. "Na nyie pia mlinipa nusu kwenye karatasi. Aliyelipa ni yeye peke yake."

"Bi Asya, hayo yashapita," Bi Zuwena akasema. "Kunywa kahawa."

Sikunywa. Nilimgeukia Nawal, nikamweleza habari ya sikio. Alinitazama, mkono wake ukapanda taratibu mpaka kwenye ndewe ya sikio la kushoto, akaigusa kama ya mtu mwengine. Alisema ameshaanguka kwenye ngazi, na bafuni, na mara moja barabarani, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kuna alama. Kisha akaniuliza kama nambari ya Felista ninayo.

Mama yake akamwita jina, kwa sauti ile ya kumtaka anyamaze. Nawal aliinuka, akachukua kalamu kando ya simu. Nikamsomea tarakimu moja moja, kwa sauti ya darasani, na kwa kuwa hakuna aliyempa karatasi, akaziandika kiganjani.